Njiwa Weupe wa Kuzaliwa

Fundi alikuwa na miaka hamsini na moja, na duniani hakuna aliyemtisha isipokuwa dada yake. Wazazi walipofariki, dada ndiye aliyemlea: alimsuka nywele, akamfunga kamba za viatu, akamchapa alipostahili na mara mbili tatu asipostahili. Sasa dada huyo, mwenye miaka sitini na miwili, alikuwa anaolewa na daktari wa meno, mgane mwembamba mwenye sauti ya upole. Tangu posa ikubaliwe, alikuwa hakanyagi chini.

"Nataka kasha la nguo," alitangaza mlangoni mwa karakana, mikono kiunoni. "Jekundu, la mbao nzito. Na juu ya mfuniko unitilie njiwa wawili weupe."

"Sawa dada. Nitawapaka..."

"Nani kasema kupaka? Rangi hubanduka! Mimi nataka njiwa weupe wa kuzaliwa."

Fundi akapanga mezani vipande vya kila mbao nyeupe aliyokuwa nayo, kisha akapitisha kitambaa chenye maji juu ya kimoja kimoja. Mbao kavu hudanganya. Ukitaka kujua itakavyokuwa ikishapata vanishi, ilowanishe kwanza. Na kweli, weupe wote ukaanza kukimbia. Msonobari ukawa wa manjano. Mbao ya mti wa mpira ikawa kama mkate uliokaa kidogo motoni.

"Hii chai ya maziwa," dada alisema. "Hii nayo meno ya mvuta sigara."

Daktari, aliyekuwa amesimama nyuma ya mchumba wake, akakohoa. Akatoa mkobani kibao chenye meno madogo ya bandia, yaliyopangwa kuanzia jeupe pee hadi la manjano. Ndicho alichotumia kuwachagulia wagonjwa jino linalofanana na yao. Akaliweka jino moja juu ya msonobari, akainama kwa makini kana kwamba mbao itasema "aaa".

"Jino la tisa," alisema. "Mzee wa miaka sabini. Anapenda kahawa."

Fundi alicheka hadi akajikuta ameketi sakafuni, kwenye maranda. Ndipo alipompenda shemeji yake.

Kesho yake asubuhi wote watatu wakaenda kwenye mashine ya kupasua magogo. Mpasuaji, jitu la miraba minne lililojaa unga wa mbao hadi kwenye kope, akawaonyesha mbao nyekundu zilizotolewa katikati ya magogo.

"Moyo wa mti huo, mama. Mtupu!"

"Nitachukua wa kutengenezea kasha. Lakini kwanza nataka ulichotupa," fundi alisema, akaelekea kwenye lundo la kuni.

Pale kulikuwa na mapande ya pembeni, yenye gome upande mmoja. Chini ya gome, kabla hujafika kwenye wekundu, kila gogo lilikuwa na utepe mweupe ambao hakuna aliyeutaka. Tatizo ni kwamba utepe huo ukilala mbichi kwenye lundo huota madoa ya kijivu. Fundi akachimbua, akarusha huku na huko: la wiki jana, la juzi, lenye madoa, lenye wadudu. Daktari alimfuata na meno yake mkononi.

"La nne. La sita. Hili, pole sana, lingehitaji kung'olewa."

Mpasuaji akasogea. "Na mimi je, dakta? Ni la ngapi?" Akafungua mdomo wote.

Mashine ikazimwa. Wafanyakazi sita wakapanga foleni, midomo wazi, na dada akajifanya nesi bila kuombwa. "Anayefuata! Panua! Wewe mswaki uliuona lini?" Watu walikuwa wanashikana mabega kwa kicheko fundi alipopiga ukelele kutoka kwenye lundo:

"La kwanza! Shemeji, njoo upime! Hili ni la kwanza!"

Pande lilikuwa limepasuliwa asubuhi ileile, bado lina unyevu. Daktari akaweka jino. Halikuonekana linaanzia wapi.

Fundi akalichana vibao vyembamba kama biskuti, akavikausha kivulini, vijiti katikati ili hewa ipite. Wiki mbili nzima aliamka akikimbilia karakana kuvitazama kama mtu mwenye mtoto mchanga. Kisha akawakata njiwa kwa msumeno mwembamba kama uzi, akachimba nafasi yao kwenye mfuniko, akawagandisha kwa gundi, akapiga msasa.

Akapuliza vumbi, akashtuka. Vumbi jekundu la kasha lilikuwa limeingia kwenye vinyweleo vya mbao nyeupe. Njiwa walikuwa wa waridi!

Na dada huyo hapo, mlangoni.

"Usiangalie!" fundi alilia. Lakini dada alikwisha kuinama juu ya mfuniko.

"Ehee," alisema polepole. "Wameona haya."

Wakatazamana, wakaangua kicheko kilichowafanya washike meza. Fundi akafuta machozi, akachukua bati la kukwangulia, akaliburuta taratibu. Unyoya mwembamba wa mbao ukajikunja, na chini yake bawa likatoka jeupe kama maziwa. Akamaliza njiwa wa kwanza, akashika wa pili, akafika shavuni.

"Hapo acha," dada alimshika mkono. "Huyu ni mimi. Mwachie haya kidogo."

Fundi akaacha. Akapaka vanishi ya maji, kwa sababu mafuta yangewafanya wa manjano, na daktari alipofika akaweka jino lake juu ya njiwa wa kwanza, kisha juu ya shavu la wa pili, akashindwa kabisa kutoa namba.

"Ana homa?" aliuliza.

"Ana mchumba!" dada akajibu, akawavuta wote wawili mikono, wakazunguka kwenye maranda hadi kizunguzungu.