Kilo za Bima

Dada yangu mkubwa, Myriam, alikuwa anasahau kupumua. Sina namna nyingine ya kulieleza jambo hilo. Akilala tu, hata mchana kwenye kiti, koromo linapanda, linapanda, halafu linakatika, na kifua kinatulia kabisa mpaka mtu amtikise. Mume wake Elisée ni fundi wa umeme mgodini, na alikuwa amebaki mifupa, maana akirudi kazini alikuwa na kazi ya pili ya kumsikiliza mke wake. Mimi nilihamia kwao, mtaa wa Makomeno, ili nimpokee zamu. Asubuhi Myriam alikuwa anatuomba radhi, kana kwamba ametuibia kitu.

Daktari Mardochée wa kliniki yetu hakutuzungusha. Alisema mafuta ya shingo na kifua yanamkaba akilala, na moyo umeanza kuchoka. Dawa ni kumpunguza tumbo kwa upasuaji, ale kidogo, kilo zishuke. Mpasuaji mwenyewe alikuwa anakuja kutoka nje ya nchi mara moja kwa mwaka, na alitarajiwa mwisho wa mwezi. Gharama ingebebwa na bima ya kazini kwa Elisée, ikikubali. Isipokubali, tungesubiri mwaka mwingine, na mwaka huo Mardochée alisema wazi kwamba hawezi kutuahidi.

Basi tukaingia kwenye vipimo. Damu, mkojo, moyo, kisha mpira mrefu uliopitishwa kooni mpaka tumboni, ambao ulimtoa Myriam machozi. Halafu mwanasaikolojia, msichana mwembamba mwenye kucha ndefu, akamuuliza kwa nini anakula. Myriam akajibu kwamba anakula kwa sababu kuna njaa. Nilicheka mpaka nikatolewa nje.

Nyumbani kulikuwa na vita nyingine. Mama yetu alilelewa kambi ya reli, na kwake unene wa binti ni sifa ya mkwe. Aliuliza bila aibu tukimkondesha watu watasema nini. Watasema ana ule ugonjwa, au Elisée amefukuzwa kazi. Nilimjibu kwamba hata maiti nene watu wanaisema. Aliacha kuniongelesha, nami sikujuta.

Vipimo vyote vikapita. Likabaki jambo moja: daktari wa bima ampime kilo mbele ya macho yake mwenyewe. Masharti yao, kwa urefu wa Myriam, yalitaka kilo mia moja na kumi au zaidi. Chini ya hapo, kwao unene haukuwa ugonjwa wa kupasuliwa. Kukatika pumzi kungehesabiwa pia, lakini kwa cheti cha mashine ya kupima usingizi, na mashine ya kliniki ilikuwa imekufa. Hatukuwa na wasiwasi. Myriam alikuwa na mia moja na kumi na tatu. Kwa upande wa kilo tulijiona matajiri.

Hapo ndipo Maman Virginie alipoingia. Yeye ni kiongozi wa kikundi cha maombi cha parokia yetu, mwanamke wa moyo mzuri na sauti ya kuamrisha. Akiipokea shida yako, imekuwa yake. Alisema jambo kubwa hivi haliendi bila kufunga. Akatangaza novena, siku tisa za maombi: kina mama wote wafunge, asubuhi hakuna chai, mchana hakuna kitu, jioni uji mwepesi, na siku za mwisho maji peke yake, ili Mungu alainishe moyo wa daktari wa bima. Na Myriam, mwenye shida, awe wa mbele.

Myriam alifunga. Ee, alifunga. Mtu ambaye maisha yake yote aliambiwa hawezi kuzuia mdomo wake, alikaa katikati ya wale mama, midomo imekauka, akaimba kuliko wote. Walimsifu. Walimshika mabega wakimwita askari wa Mungu. Sikuwahi kumwona dada yangu akitembea ameinua shingo vile, ndiyo maana nilinyamaza, nikala mkate wangu jikoni kwa hasira. Elisée naye alifunga, fundi mzima anayeshinda akipima nyaya, na hakufikiria mizani. Wala mimi sikuifikiria.

Siku ya kupimwa Myriam alivaa kitenge kipya. Daktari wa bima aliitwa Alexis, kijana mstaarabu, aliyetusalimia vizuri na kumshika Myriam mkono apande. Mizani ikatulia kwenye mia moja na saba. Akamshusha, akampandisha tena. Ileile. Kisha akatabasamu kwa moyo safi, na hilo ndilo sijamsamehe mpaka leo.

"Félicitations, mama," akampongeza. "Mulipunguka muzuri sana. Mulifanya namna gani?"

"Tulifunga, docteur," Myriam akajibu, naye akitabasamu. "Tuliomba juu yenu, Mungu afungule roho yenu."

"Na Mungu alisikia. Sasa opération haiko tena na lazima. Muendelee tu hivi."

Dada yangu alikuwa amesifiwa, na ilimchukua muda kuelewa kwamba amekataliwa. Nilimwona akielewa. Tabasamu lilibaki usoni, lakini macho yalikuwa yameshaondoka. Nikapaza sauti. Nilimwambia yule kijana kwamba kilo zilizopotea ni za njaa na maji, zitarudi tu, na kwamba huyu mtu anakufa akilala. Akasema ananielewa, ila yeye anaandika kile mizani inachosema. Mwishowe, kwa kunihurumia au kwa kuniogopa, alikubali kumpima tena Ijumaa, kabla mpasuaji hajafika.

Nilikwenda kwa Maman Virginie nimekusudia kumtukana. Nilishafungua mdomo. Lakini aliposikia habari alikaa chini sakafuni, yuleyule wa kuamrisha, akashika kichwa.

"Mujinga," akaniita kwa jina langu, "tunaua mutoto ya batu na maombi."

Nikashindwa kumtukana. Nikamwambia ainuke, alete chakula.

Wakaleta. Kina mama walewale waliofunga naye walikuja kila siku na masufuria: bukari, ule ugali wetu, sombe ya majani ya muhogo yenye mafuta mengi, samaki wa kukaanga, karanga, maandazi ya beignet, vinywaji vya sukari. Waliombea kila sufuria. Lakini kilo hazikurudi haraka kama nilivyojigamba. Tumbo la Myriam lilikuwa limezoea njaa, likawa linakirudisha chakula, naye akitapika anajifuta na kula tena. Mama yetu alifurahi siku ya kwanza. Siku ya pili akaondoka mezani akilia. Elisée, ambaye kwa miaka alikuwa anamfichia mkate juu ya kabati asiule, sasa alikaa kando yake akimmegea bukari kwa mkono wake mwenyewe, kama alivyokuwa akimlisha mtoto wao Kiki alipokuwa mdogo. Hakuwa ananitazama. Na kadiri Myriam alivyoshiba, ndivyo alivyozidi kusinzia, na pumzi ndivyo ilivyozidi kukatika.

Alhamisi mchana, kwenye mizani tuliyoazima kwa jirani, ilibaki kilo moja kufika mia moja na kumi. Myriam alisukuma sahani kidogo, akanigeukia.

"Mudogo yangu," akasema polepole, "kama ninakufa hii juma, utaambia Kiki nini? Mama yake alikufa na njaa, ao na kushiba?"

Nilimwambia anyamaze ale. Katika maneno yote duniani, ndiyo niliyoyapata.

Akala. Tonge lilikuwa bado mdomoni alipoanza kusinzia ameketi. Koromo likapanda, likakatika. Kina mama wakaacha kuimba, na sote tukabaki tunakitazama kifua chake. Elisée akaingiza kidole, akamtoa lile tonge mdomoni, akamtikisa mabega akimwita Mama Kiki, Mama Kiki. Akamtikisa tena kwa nguvu, mpaka kiti kikagonga ukuta. Ndipo hewa ikaingia, kwa sauti mbaya ambayo sipendi kuikumbuka. Myriam alifungua macho, akatuangalia mmoja mmoja, hajui kilichopita.

"Kilo ilishatimia?" akauliza.

Elisée alikuwa analia waziwazi, machozi yanadondokea kwenye sahani.

"Bado kidogo, mama," akasema, akamega tonge lingine.