Dudumizi wa Mtoni

Nassibu alitamba mbele ya Mtoni nzima kwamba hakuna ndege asiyemwitikia. Akiita yeye, ndege huacha hata mayai akaja. Kwa kuwa alikuwa na cheti cha kidato cha nne na mdomo wa kidato cha sita, watu walicheka, yakaisha. Aliyeamini ni mmoja tu: Mwalimu Alani, mzee wa Kiaustralia aliyemfundisha hesabu, ambaye mtaani walimwita Bwana Ndege.

Ndege hakuwasomea popote, aliwapenda tu. Tangu mwaka wa Uhuru, akitoka darasani humkosi kwenye mikoko, suruali imejaa tope, ananasa sauti zao kwa mashine yake ya tepu. Sasa macho yameingia ukungu, mkataba umekwisha, na kesho anarudi kwao kuishi na sauti hizo. Alikosa moja tu. Dudumizi.

Dudumizi ndiye mpiga mbiu wa mvua, na kiangazi kile alikuwa kimya. Nassibu aliita vichakani tangu asubuhi, akajibiwa na kunguru. Mzee hakulalamika. Aliifuta tu mashine vumbi kwa leso, taratibu, kama anayemfuta mtoto uso. Nassibu akashindwa kuvumilia. Akaaga anakwenda haja ndogo, akachutama nyuma ya mkorosho, akakusanya viganja mdomoni.

"Du-du-du-du-du..."

Alipochungulia, mzee alikuwa amefumba macho, machozi yanamtiririka, mashine inazunguka. Nassibu akaongeza beti mbili.

Lakini Mtoni dudumizi hasikilizwi na mtu mmoja. Bi Hamisa, mjumbe wa nyumba kumi, akazuka nyuma ya mkorosho na mkeka wa makopa kichwani, anahema.

"Shikamoo, bibi," Nassibu akaamkia, viganja bado mdomoni.

"Marahaba, dudumizi. Nyumba kumi zimeanua mihogo kwa ajili yako. Nimewakimbiza mwenyewe, hadi wagonjwa, nikiwaambia mvua hiyo inakuja. Kumbe mvua yenyewe imesoma sekondari?"

Nassibu akamnong'oneza apunguze sauti, mzee atasikia. Mzee alishasikia. Nassibu akatoka nyuma ya mkorosho kichwa chini, akanyoosha mkono aizime mashine. Bwana Ndege akaushika.

"Iache izunguke," akasema, kicheko kinamtekenya mbavu. "Bi Hamisa, sogea. Yaseme tena hayo, na umtaje jina."

Bi Hamisa akatua mkeka, akainamia mashine kama anayeongea na kiziwi, akamtaja Nassibu, na jina la baba yake, na la babu yake.