Sentimita Kumi na Nne

Saa mbili na robo asubuhi Mkaguzi aligeuza bustia ya kwanza ya siku, ndani ikawa nje, akaiweka kwenye meza iliyo chini ya dirisha. Bustia ni nguo ya kifuani isiyo na mikanda ya mabegani. Hushikiliwa na vijiti vyembamba vya plastiki vilivyopenyezwa kati ya kitambaa cha nje na bitana, yaani kitambaa cha ndani, ambavyo pale karakanani viliitwa mbavu. Kwa miaka kumi na tisa Mkaguzi alikuwa amehukumu nguo kwa kuanzia ndani. Nje, alisema, hata pasi inaweza kudanganya. Alitazama kama njia za mbavu zimenyooka, kama ncha zimefunikwa zisichome ngozi, kama bitana imekatwa kwa mwelekeo mmoja na kitambaa. Kisha aliigeuza tena, akaiachilia. Bustia iliyoshonwa vizuri husimama yenyewe mezani. Hii ilisimama.

Akaipeleka kwenye sanamu ya kujaribishia iliyokuwa karibu na cherehani namba tisa. Zipu haikufunga.

Alipima nguo, hakuona kosa. Akapima sanamu. Kiuno chake, ambacho kilikuwa sentimita sabini tangu siku ilipotengenezwa, sasa kilikuwa sabini na mbili. Aliandika kwenye fomu: Nguo sahihi. Sanamu imeongezeka. Akaweka tarehe.

Sanamu hiyo ilikuwa imetengenezwa kwa vipimo vya mdogo wake. Karakana ilipohitaji umbo la saizi ile, mafundi wote walipimwa, na mdogo wake ndiye aliyeonekana hana sentimita ya ziada wala pungufu popote. Alisimama saa nzima mikono ikiwa wazi huku fundi wa sanamu akimzungushia karatasi na gundi. Baadaye alipenda kutania kwamba yeye yuko kazini mara mbili na analipwa mara moja. Alikuwa ameshona kwenye cherehani namba tisa kwa miaka sita. Siku Mkaguzi alipoandika fomu ile, mdogo wake alikuwa na wiki tatu kaburini.

Mlangoni pa karakana palikuwa na karatasi iliyobandikwa, yenye kichwa KWA AJILI YA UBORA WA VIPIMO. Ilieleza kwamba mafundi hujaribishiwa nguo mwilini, kwamba mwili unaobadilika huharibu saizi, na kwamba kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi kila fundi atapimwa kiuno. Atakayezidi sentimita nne juu ya kipimo chake cha kuajiriwa ataachia kiti. Haikutaja mimba. Hakuna aliyeajiriwa pale ambaye hakuielewa siku ya kwanza. Aliyeshika futi siku hizo za Jumatatu alikuwa Mkaguzi, na mafundi walimwita Mama Futi, mara nyingi akiwa hayupo.

Mdogo wake alipopita mbele yake mara ya mwisho, futi ilisoma sabini kamili. Chini ya sare Mkaguzi aligusa kitu kigumu. Alihesabu mbavu kumi na mbili kwa ncha za vidole, akaona zimepangwa kwa umbali sawa, ncha zimefunikwa, na mkazo umegawanywa pande zote.

"Umeshona vizuri," alisema.

"Asante, dada," alijibu mdogo wake.

Hayo ndiyo mazungumzo pekee waliyowahi kuwa nayo kuhusu ile mimba. Aliandika sabini, kwa sababu ndicho alichosoma. Siku kumi na mbili baadaye, saa nne asubuhi, mdogo wake alilaza kichwa juu ya kitambaa, na mguu wake ukaendelea kukanyaga pedali hadi mshono ukafika mwisho. Cheti cha daktari kilisema moyo. Waliomwosha maiti waliikata bustia kwa mkasi, maana kulabu zilikuwa hazifunguki tena. Mkaguzi alikuwepo. Alipima kiuno, kwa mazoea tu: themanini na nne.

Sanamu iliongezeka sentimita mbili kila wiki. Mkaguzi aliripoti kila Ijumaa kwa maandishi, na Meneja alisaini kila Ijumaa. Kufikia wiki ya tano bustia za saizi ile zilijaribishwa kwenye sanamu nyingine iliyofungwa matambara kiunoni. Wiki ya sita, upande wa kushoto wa tumbo la sanamu ulianza kusukumwa kutoka ndani, taratibu, kama kisigino kinachopita chini ya shuka.

"Huyu ana miezi mingapi?" aliuliza fundi wa namba nne, bila kuinua macho kwenye cherehani.

"Sita na kitu," alisema fundi wa namba saba, ambaye alikuwa amezaa mara nne kabla ya kuajiriwa. "Ona lilivyokaa juu. Mimi la namna hiyo lilinipa kiungulia mpaka nikawa nalala nimekaa."

"Basi mgeuzie feni."

"Nimgeuzie feni, mimi nipikike hapa?"

"Wewe huna mimba."

"Na nani kakuambia?" Walicheka kidogo, wakaangalia mlangoni, wakaacha. Feni iligeuzwa.

Wiki ya saba sanamu ilifika themanini na nne, ikasimama hapo.

Kiti cha namba tisa kilikuwa kimepewa msichana waliyemwita Kidoti, kwa sababu ya alama nyeusi aliyokuwa nayo juu ya mdomo. Alichaguliwa kati ya waombaji ishirini kwa kuwa kiuno chake kilikuwa sabini. Alikuwa mwepesi, mwenye mdomo, na mishono yake ilinyooka bila chaki. Alhamisi moja Mkaguzi alihesabu mbavu kwenye sanduku, zikapungua kumi na mbili. Alihesabu tena. Akamfuata Kidoti kwenye chumba cha kubadilishia nguo, akafunga mlango.

"Mbavu kumi na mbili zimepotea. Umezila?"

"Zingekuwa na chumvi ningekula, mama." Kidoti alijaribu kucheka, pumzi ikamwishia katikati. Alishika ukuta.

"Vua."

"Nikivua, Jumatatu utaandika nini?"

"Nitakachosoma."

"Basi sivui." Alisema bila ukali. "Nyumbani tuko watano, na cherehani inayotulisha ni hii hii ya hapa. Mama yangu haoni vizuri. Wadogo zangu wanasoma. Nifukuze leo au nifukuze Jumatatu, lakini usiniambie nivue halafu uniandike."

"Mdogo wangu alivaa kama hiyo."

"Najua. Aliacha karatasi zake za kukatia kwenye droo ya namba tisa. Nimekatia hizo hizo." Kidoti aliinua sare ili Mkaguzi aone. "Nimekosea wapi?"

Mkaguzi aliangalia. Hakuwa amekosea popote.

Siku ya pili, Ijumaa, hakupeleka fomu. Alimwomba Meneja aje mwenyewe. Meneja alikuwa mtu mpole, hupenda kuuliza habari za nyumbani na kusubiri jibu. Alizunguka sanamu mara mbili, akaweka kiganja kwenye tumbo, akasubiri hadi kitu kiliposogea chini ya kitambaa.

"Ni kweli," alisema. "Ana mimba."

"Ni mdogo wangu."

"Ndiyo, naona mabega. Pole sana. Alikuwa fundi mzuri."

"Aliuawa na kanuni ya sentimita nne. Alijifunga mbavu kumi na mbili ili asiachie kiti. Naomba karatasi ile iondolewe mlangoni." Mkaguzi hakuwa amezoea kuomba, kwa hiyo aliyasema hayo kama anavyosoma vipimo.

Meneja aliondoa kiganja tumboni. Mashine zote zilikuwa zimenyamaza.

"Ameongezeka ngapi?"

"Kumi na nne."

"Kumi na nne, na bado yuko hapa? Wiki saba?"

"Niliripoti. Saini zako zipo."

"Basi tumekosea sote wawili," Meneja alisema kwa upole, "na tutarekebisha. Leo akibakizwa huyu, kesho mafundi hawa watasema karakana ina upendeleo. Watakuwa na haki."

Aliketi kwenye kiti cha Kidoti akaandika barua ya kuachishwa kazi. Kwenye nafasi ya jina aliandika Sanamu ya Saizi ya Sabini. Aliibana barua kwa pini kwenye bega la kushoto, akaangalia kama pini haikuingia ndani sana, akampa Mkaguzi mkono.

Mkaguzi aliichukua sanamu akaipeleka kwake. Dereva wa teksi aliuliza kama mgonjwa akae mbele au nyuma. Akasema nyuma, na dereva akaendesha polepole kwenye mashimo.

Jumamosi aliiweka karibu na dirisha la sebuleni akafunua cherehani yake, ambayo hakuwa ameitumia tangu apande cheo akawa wa kuhukumu kazi za wengine. Jambo la kufanya lilikuwa wazi. Hakuwahi kuandika kipimo asichokisoma, na hangeanza na umri wake. Kwa hiyo ilibidi futi yenyewe isome sabini juu ya mwili ambao haukubanwa. Alikata kitambaa cha nje kwa sentimita sabini. Alikata bitana juu ya tumbo la sanamu kwa sentimita themanini na nne. Kila fundi anajua kwamba vipande viwili vya namna hiyo haviunganiki. Sentimita kumi na nne za ziada lazima ziende mahali, na huenda kwenye mikunjo.

Aliunganisha akianzia kiunoni, kidogo kidogo, pini kila nusu sentimita. Mara tatu sanamu ilisogea, na mara tatu alisubiri itulie. Jumapili saa kumi jioni alikata uzi wa mwisho, akageuza ndani ikawa nje. Hapakuwa na mkunjo. Akapima bitana: themanini na nne. Akapima nje: sabini. Alikagua mishono, ncha, mwelekeo wa kitambaa. Hakuona zilikokwenda sentimita kumi na nne, na kwa kuwa hazikuharibu mshono hakuzitafuta zaidi. Aliiachilia mezani. Ilisimama. Akaipitisha.

Jumatatu alimkuta Kidoti kwenye kile chumba, akamwambia avue ya zamani. Kidoti aliipokea mpya, akaigeuza kwanza, kama alivyofundishwa.

"Ndani ni kubwa kuliko nje," alisema.

"Ndiyo."

"Wala haijakunjamana."

"Ingekunjamana nisingekuletea."

Kidoti aliivaa, akavuta pumzi ikashuka hadi ilipotakiwa kufika. Machozi yalimtoka, akayafuta kwa mkono wa sare. "Kwapani inabana kidogo," alisema.

"Haibani. Umezoea kusimama vibaya."

Saa tatu Meneja alisimama karibu na meza, kama kawaida, mikono nyuma. Mkaguzi alizungusha futi kwenye kiuno cha Kidoti, akasoma, akaandika sabini.

Kidoti alijifungua mtoto wa kike Jumamosi moja, miezi mitano baadaye, na akaomba ruhusa ya siku sita kwa ajili ya homa. Siku ya saba alikuwa kwenye namba tisa. Mtoto alibaki na bibi yake asiyeona vizuri. Kila asubuhi ilipofika saa nne maziwa yalimtoka, yakalowesha bitana yote, na kitambaa cha nje kikabaki kikavu. Mkaguzi aliliona hilo wakati wa ukaguzi. Kwa upande wa nguo, hakukuwa na kasoro.

Fundi wa namba nne alikuja kwake Jumapili, kisha wa namba saba, kisha wengine. Walikaa sebuleni wakingoja zamu, wakiongea na sanamu huku Mkaguzi akikata. Sanamu haikuzaa. Miezi ilipita ikiwa vilevile, na kile kitu ndani yake kiliendelea kugeuka kutoka kushoto kwenda kulia na kurudi. Mkaguzi aliipima kila siku akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu. Iliposogea chini ya futi alisimama, akasubiri, akaanza upya.

Mwisho wa mwaka Meneja aliwakusanya mafundi wote thelathini na mmoja. Alikuwa na jedwali lililotokana na vipimo vya Mkaguzi, ambavyo alisema ni sahihi kuliko vya karakana yoyote anayoijua. Katika miezi kumi na miwili hakuna kiuno cha fundi hata kimoja kilichozidi. Hakuna fundi aliyeachishwa kiti. Hilo, alisema, lilionyesha kwamba kanuni haimwonei mtu, ila humsaidia kujitunza. Alishukuru. Alibandua karatasi ya zamani mlangoni, na kwa muda mfupi sana watu walidhani jambo fulani. Akabandika mpya. Ilikuwa na maneno yale yale, isipokuwa kwamba sentimita nne zilikuwa zimekuwa mbili.

Mafundi walipiga makofi. Sita, kati ya wale waliokuwa wakingoja zamu sebuleni kwa Mkaguzi, walipiga wakiwa wamekaa, na Meneja, ambaye ni mtu mpole, aliwaambia wasijisumbue kusimama.