Dawa ya Ngozi

Fausta alisoma lile tangazo kwenye simu mara mbili. Tyubu zote za krimu ya ngozi ya watoto zirudishwe haraka: kiwandani walikosea lebo, na ndani kuna dawa kali ya kuchubua sugu za miguu. Yeye, katika duka lake la dawa pale Gendabi, alikuwa ameuza moja tu. Moja! Na aliyeinunua alikuwa na mtoto mgongoni.

Alimkumbuka vizuri. Bibi mmoja mfugaji wa Dirma, Kiswahili chake cha kuokoteza, alikuja siku ya mnada duka likiwa limejaa. "Nipe dawa ya ngozi. Imekauka, inapasuka." Fausta akachungulia mashavu ya mjukuu, yamepauka kwa upepo, akatoa tyubu. Hakuuliza neno lingine. Sasa alijiona mjinga wa mwisho, akafunga duka na kurukia bodaboda hadi Dirma, akaulizia mpaka akafika kwa yule bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisha bibi akamtambua, akawaka. "Kumbe ni wewe! Dawa gani ile ulinipa? Nimepaka siku tatu, ngozi yote imebabuka!"

Fausta akachungulia mlangoni. "Yuko wapi, bibi? Mmempeleka hospitali?"

"Hospitali?" Bibi akaingia ndani, akatoka na sketi yake ya ngozi ya ng'ombe, ile aliyoolewa nayo, kiunoni ina madoa meupe. "Tangu lini sketi ikapelekwa hospitali?"

Fausta akaitazama sketi, mdomo wazi. Nyuma ya bibi, mtoto akaja akitambaa, mashavu yanang'aa.

"Na huyu... hujampaka?"

"Bura? Nimpake dawa ana nini? Huyu tunampaka siagi."

Jamani! Fausta alikaa chini palepale kwenye vumbi, akambeba Bura akacheka huku machozi yanamtiririka. Hakuwahi kufurahi hivyo tangu azaliwe.

"Unaicheka sketi yangu?"

"Hapana, bibi. Nisamehe." Akamweleza polepole kilichokuwa ndani ya tyubu, na alivyodhani ni ya mtoto.

 Bibi akamchukua mjukuu, akamgeuza huku na huku, akambana kifuani. Sketi ilikuwa imedondoka chini, wala hakuiokota.

"Afadhali imeungua hiyo," akasema. Kisha akamtupia Fausta jicho. "Lakini siagi ya kuilainisha utaleta wewe."