Mkono Chini ya Mlango

Kufumba na kufumbua, binti wa miaka mitatu alikuwa amejifungia chooni, amekumbatia chupa ya dawa ya kusafishia sakafu. Mama yake alibisha, akaita, akapiga mlango hadi kiganja kikawaka moto. Alimbishia nani? Mtoto hasikii, na mlango ule ulimnyima hata midomo ya kusoma.

"Si nilikwambia umzoeshe kusema?" mama mkwe alifoka. "Nyumba nzima mikono, mikono, kama watu wanaofukuza nzi!"

"Mama, si sasa."

Kwa sababu ya maneno hayo hayo ya mkwewe, mama wa mtoto aliacha masomo ya lugha ya alama wiki ya pili tu. Alama alizozijua zilikuwa tatu: kula, lala, leta.

Alijilaza kifudifudi, akapenyeza mkono kwenye uwazi mpana chini ya mlango, akafanya alama ya leta. Hakikuja kitu. Akarudia. Vidole vidogo vikamgusa, vikatoweka. Akaupenyeza mkono zaidi. Ndipo plastiki ya baridi ikasukumwa kiganjani mwake, akaivuta upesi. Kifuniko kilikuwa bado kimekazwa.

"Haya, mwambie afungue mlango," mama mkwe alinong'ona.

"Hiyo sijafundishwa, mama."

Mama mkwe akamnyooshea simu yake mwenyewe.

"Mpigie yule mwalimu wako wa mikono. Mwambie mimi ndiye ninayeuliza."