Chumvi ya Mhudumu wa Afya

1.

TANGAZO LA OFISI YA KIJIJI
Kila kaya ilete chumvi inayotumika jikoni, kijiko kimoja ndani ya karatasi, Jumanne saa nne asubuhi, darasa la tatu. Chumvi itapimwa madini joto. Chumvi ya kuazima kwa jirani haitapokelewa. Mpimaji: Yusta Mwalongo, mhudumu wa afya ya jamii.

2.

Yusta ni mimi. Chupa ya dawa ya kupimia naishika mimi. Tone moja tu: chumvi ikigeuka zambarau, madini joto yamo. Ikibaki nyeupe hayamo, na anayeila anajitafutia rovu la shingo. Nimeyasema haya miaka kumi na moja, mpaka watoto wananiita Mama Zambarau. Nilikuwa naringa na jina hilo.

3.

Yaliyosikika darasani:

— Ya Mama Osmunda imebaki nyeupe!

— Nyeupe pee.

— Mama Osmunda wee, hii umewanyang'anya ng'ombe?

Huyo wa mwisho ni mimi. Watu sabini walicheka. Mama Osmunda aliikunja karatasi yake mara nne, akatoka.

4.

Hapa nilitaka kueleza kwa nini nilisema vile.

5.

LIDIA, BINTI YANGU, ANASEMA:
Niliona wa kwanza mimi, nikijifunga mtandio mbele ya kioo. Kitu kama yai la kwale chini ya koo. Nikimeza, kinapanda. Na mimba ina miezi mitano. Nilimwambia Sista Kolumba wa zahanati kabla ya kumwambia mama. Mama angesema nimenenepa.

6.

KADI YA KLINIKI
Jina: Lidia Mlowe. Umri: 23. Mimba: ya kwanza, wiki 21. Anaishi: kwa mama yake, tangu kuzaliwa. Shingo: rovu. Maelekezo: aende hospitali ya wilaya Jumatatu, vipimo vya damu. Chumvi ya nyumbani iletwe.

7.

— Dada Yusta, mnatumia chumvi gani pale kwako?

— Ya pakiti, Sista, yenye nembo. Mimi tena!

Akadondosha tone kwenye chumvi niliyoileta. Tukaangalia. Tukaangalia tena.

Nyeupe.

— Labda dawa imeisha nguvu, nikasema.

Sista akadondosha kwenye chumvi ya jikoni kwake. Zambarau iliyokolea.

8.

MHUDUMU WA AFYA ANAVYOTUNZA CHUMVI KWAKE
nunua ya mawe, ya pakiti, usome nembo
imwage kwenye ungo
isuuze kwa maji mawili, upesi isiyeyuke
ianike juani mpaka adhuhuri
itie kwenye kibuyu kisicho na kifuniko, kinachoning'inia juu ya moto, isipate unyevu

Msomaji, usinitazame hivyo. Mama alinifundisha kwamba chumvi ya dukani imepita mikono mingi, haiingii chunguni bila kuoshwa. Kwenye mafunzo nikaambiwa maji, jua na moto huondoa madini joto. Nikaandika. Nikafundisha kijiji kizima. Nikirudi nyumbani, nashika ungo. Kwangu ule ulikuwa usafi, sawa na kunawa mikono. Na katika miaka kumi na moja sikuwahi kupima ya kwangu; ya nini? Nyani haoni kundule.

Naona aibu. Naona aibu hata kuandika kwamba naona aibu.

9.

— Mama, na mtoto je? Sista anasema ubongo wake unayahitaji hayo madini.

— Tumewahi, mwanangu.

— Tumewahi, au unanituliza?

Nilimshika mkono.

10.

MAMA OSMUNDA ANASEMA:
Alikuja Alhamisi. Nikadhani amekuja kunipima tena, nikawahi kumwonyesha. "Tazama, mwalimu. Nimenunua yenye nembo, iko kwenye kopo la kufunga, naitia mboga ikishaiva. Nimefuata yote uliyosema." Akaanza kulia pale mlangoni. Nikamkalisha. Akanieleza ya ungo, ya kibuyu, ya shingo ya Lidia. Mwisho akasema, "Mama Osmunda, nisamehe."

Nilimhurumia mtoto. Yeye, bado. Nikamwambia:

"Kunicheka ulinicheka mbele za watu. Msamaha unaniletea jikoni?"

11.

Maneno niliyoyaandaa kusema mbele za watu, nikayafuta:
Kumetokea hitilafu ndogo katika utunzaji wa
Wataalamu wanashauri kwamba
Baadhi yetu, bila kujua

Baadhi yetu!

12.

Yaliyosikika bombani, Jumamosi:

— Eti Lidia ana rovu.

— Lidia wa Mama Zambarau? Acha uongo.

— Kwani wao wanakula chumvi gani?

— Nzuri kuliko zetu. Wanaiosha kabisa. Hata mimi siku hizi naosha, nilimwona yeye.

Ndoo yangu ilikuwa ya tatu kwenye foleni. Niliiacha pale pale. Kumbe kuna mwingine. Na nyuma yake wangapi? Wangapi wana mimba?

13.

Jumapili. Mzee wa kanisa amemaliza matangazo, anauliza kama kuna mwenye neno. Lidia anakohoa kidogo, anavuta mtandio kufunika shingo. Kumbe naye anaona aibu. Aibu yangu, ameivaa yeye.

Nimesimama. Mama Osmunda, benchi la nyuma, hajainua macho.

"Bwana asifiwe. Mimi ni Yusta Mwalongo, mnanifahamu. Yeyote aliyeniona nikiosha chumvi, naomba anisikilize. Ile chumvi nimemlisha binti yangu tangu azaliwe, na ndiyo iliyompa rovu. Msiioshe."