Kidole Gumba cha Kushoto

1.
WARAKA WA NDANI. Kwa maafisa wote wa pasipoti.
Abiria mmoja asizidi dakika mbili.
Mwenye jina linalofanana na la mtu anayetafutwa asipite bila alama za vidole.
Maagizo yote mawili yazingatiwe.

2.
Mimi ni Ndimbo, dawati la tatu. Asubuhi ile alisimama mbele yangu mama mmoja, Hadiya Shekalaghe, safari ya India. Kompyuta ikawaka nyekundu: jina linafanana.

"Weka vidole hapa, mama."

HAZISOMEKI.

"Tena."

HAZISOMEKI.

"Vidole hivi umevifanya nini?"

"Kukata mkonge, mwanangu. Miaka thelathini na moja."

3.
(foleni)
— Huyo mama vipi?
— Si wamweke pembeni tu!
— Jamani, ndege itatuacha.

4.
Wewe unayesoma, tazama vidole vyako. Vina mistari. Mimi Hadiya, yangu imebaki shambani kwenye mkonge. Nilimwambia yule afisa: mdogo wangu Sikudhani amelazwa kule, nakwenda kumpa figo, upasuaji ni keshokutwa. Nikirudishwa leo—

5.
Ningemweka pembeni, ndege ingemwacha. Ningempitisha hivi hivi, nani angejua?

Mimi.

"Niwaambie wenzako wa foleni, mama?"

"Waambie."

Nikasimama, nikawaambia habari ya figo. "Siwezi kumpitisha bila alama, na siwezi kumwacha. Nawaomba dakika kumi."



Kisha dada mmoja akapitisha mafuta ya mgando, mkono kwa mkono, mpaka mbele. Mwenzangu wa dawati la nne akamimina maji ya moto kwenye bakuli. Mama akaloweka mikono, akaipaka mafuta ngozi ilainike. Yule aliyekuwa akilalamika kuliko wote akamshikia mkoba.

6.
HAZISOMEKI.
HAZISOMEKI.

HAZISOMEKI.

Kidole gumba cha kushoto:

IMESOMEKA. SIYE ANAYETAFUTWA.

Foleni nzima ilipiga makofi. Nilikosea kugonga muhuri. Nikaugonga tena.

7.
MAELEZO YA KUCHELEWESHA FOLENI
Afisa: Ndimbo.
Muda: dakika kumi na saba.
Abiria waliocheleweshwa: mia moja na sita.
Waliolalamika: hakuna.
Maoni ya msimamizi: *Usirudie.* (Limekatwa kwa kalamu. Chini yake:) *Bakuli na mafuta vikae kila dawati.*

8.
Ujumbe wa sauti, siku mbili baadaye, kwenye simu ya Ndimbo, namba aliyomwachia mama:

"Mwanangu, ni mimi Hadiya. Wameshanivalisha nguo za upasuaji. Sikudhani yuko kitanda cha pili, ananicheka eti nimevaa gauni kinyume. Miezi mingapi sijamsikia akicheka! Nilitaka usikie na wewe. Sikudhani, hebu cheka tena, mwenzio anasi—"